Ngome Mbili, Maji Katikati

Ngome moja iko kushoto mwa kioo cha televisheni, nyingine kulia. Katikati ni maji. Kila ngome ina mtambo wake wa kurushia mawe na mtu mmoja wa kuuendesha. Hakuna hadithi ndefu, hakuna mfalme aliyetekwa wala binti wa kuokolewa. Kazi ni kuibomoa ngome ya mwenzako kabla hajaibomoa yako. Hiyo ndiyo Smithereens!, gemu iliyotoka mwaka 1982 kwa ajili ya mashine ya Odyssey² ya kampuni ya Magnavox, Marekani. Ulaya, ambako Philips waliiuza mashine hiyohiyo kwa jina la Videopac, gemu iliitwa Stone Sling.

Mkazi wa wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, hahitaji kuchorewa picha hiyo. Ukishuka kutoka Kamembe kwenda Cyangugu ya zamani, ule mji mdogo wa ufukweni ambao jina lake lilibebwa na mkoa mzima hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, unaiona Bukavu ya Kongo ng'ambo, nyumba zake zimepanda vilima na kushuka tena mpaka majini. Ziwa Kivu linaishia hapo, mto Rusizi unaanzia hapo, na daraja ni fupi kiasi kwamba mama mwenye beseni la samaki kichwani hulivuka bila kupumzika. Mji huku, mji kule, maji katikati.

Kwa sababu ya jiografia hiyo kuna jambo la kusemwa mapema. Milio ya silaha za kweli imewahi kusikika kwenye maji haya. Bukavu ilipiganiwa mwaka 1996, ikapiganiwa tena 2004, na Februari 2025 ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Mzazi wa hapa anayekunja uso akimwona mwanawe anashangilia ngome ya ng'ambo ikiporomoka ana sababu ambayo mzazi wa Marekani hakuwa nayo mwaka 1982. Sitabishana naye. Kinachonivuta katika gemu hii kongwe hakihusu vita hata kidogo. Ni kwamba haichezeki peke yako.

Ukiwa mmoja mbele ya Smithereens! huna mchezo. Mashine haishiki nafasi ya mtu wa pili, haijifanyi adui, haina hata hatua ya mazoezi ambapo kompyuta inakuhurumia kidogo kisha inakuzidi ujanja. Jostiki ni mbili na zinataka mikono ya watu wawili. Wala hakuna kupokezana zamu kama kwenye drafti. Wote wawili hurusha kwa wakati mmoja, kila mtu kwa kasi ya mkono wake, na anayesitasita anapokea mawe mawili wakati yeye bado anapima la kwanza. Kipimo chenyewe kiko mkononi: unavyoishikilia jostiki kwa muda mrefu ndivyo mtambo unavyopata nguvu na jiwe linavyokwenda mbali. Ukiachia mapema jiwe linaishia njiani. Ukichelewa linapita juu ya kila kitu, na mwenzako anapata nafasi ya kukucheka.

Kwa nini mashine haikujichezea yenyewe upande wa pili? Sehemu kubwa ya jibu ni umaskini. Odyssey² iliendeshwa na chipu ya Intel 8048 yenye kumbukumbu ya baiti 64 ndani yake, na nje yake zikaongezwa baiti 128. Jumla ni baiti 192. Ujumbe mmoja wa SMS una nafasi ya herufi 160. Kwa hiyo akili yote ya kufanyia kazi ya mashine ile, ukiacha maagizo yaliyokaa ndani ya kartriji, isingetosha kubeba SMS mbili zilizojaa. Humo ndimo gemu ilipaswa kukumbuka kila jiwe liko wapi, linapanda au linashuka, ukuta gani umekwisha kuanguka, na nani anaongoza. Hata picha zilikuwa za kuazima. Chipu ya kuchorea ilitoka kiwandani na maumbo 64 yaliyokwisha kuandaliwa, yakiwamo herufi, tarakimu, mti, meli na mtu mdogo anayekimbia, na mtu huyo mmoja ametumikishwa katika gemu nyingi za Odyssey² kama kibarua asiye na likizo.

Wapo watunzi walioweza kubana adui wa mashine ndani ya nafasi hiyo finyu. Ed Averett, aliyekuwa muuzaji wa chipu za Intel kabla ya kuanza kutunga, aliandika gemu zaidi ya 20 za Odyssey², na mojawapo, K.C. Munchkin!, ilikuwa na maadui wajanja kiasi cha kuwakera Atari. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ya Marekani iliona imefanana mno na Pac-Man na ikaondolewa madukani. Lakini adui wa aina hiyo aligharimu nafasi na usiku mwingi wa kazi. Adui wa bure alikuwapo tayari sebuleni: kaka, dada, mtoto wa jirani. Mtunzi akimwachia jirani kazi ya kufikiri, baiti zilizobaki zinatosha kufanya jiwe liruke vizuri.

Mazoea hayo yalianza mapema zaidi. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven jimboni New York, mwanafizikia William Higinbotham aliunda mchezo wa tenisi kwa ajili ya wageni waliokuja kutembelea maabara. Alikuwa mmoja wa waliohusika na vifaa vya bomu la kwanza la nyuklia, na baada ya vita akawa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa kuenea kwa silaha hizo. Kompyuta ya maabara ilikuja na kitabu cha maelekezo kilichoonyesha jinsi ya kukokotoa njia ya kitu kinachorushwa hewani. Higinbotham akaona kwamba njia ya kombora na njia ya mpira ni hesabu moja, akaunganisha vifaa viwili vya mkononi, na watu wakapanga foleni. Mchezo ukaitwa Tennis for Two. Wawili, tangu jina lenyewe.

Miaka 14 baadaye ikaja Odyssey ya kwanza, mama wa mashine zote za gemu za nyumbani, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1938 akiwa kijana. Mashine hiyo ya mwaka 1972 haikuwa na sauti wala rangi. Wenye nayo walibandika karatasi za plastiki zilizochorwa juu ya kioo cha televisheni ili nukta nyeupe ionekane iko uwanjani au msituni. Na haikuweza kuhesabu pointi! Wachezaji walihesabu wenyewe na kuandika kwenye karatasi. Ukitaka kudanganya, ilibidi umdanganye mtu aliyekaa ubavuni mwako huku anakutazama.

Nani kati yetu angeyaona mambo haya ya ajabu? Igisoro, mchezo wa mbao wa Rwanda, una mistari minne ya mashimo manane na kete 64, na hakuna chombo kinachohesabu ila macho ya watu. Ni ndugu wa omweso wa Uganda na bao la Waswahili, na kama ndugu zake hautaki mtu wa tatu kati ya wachezaji wawili, ingawa unamtaka sana mtu wa tatu pembeni. Hapa napenda kukaa kidogo, maana ndipo watunzi wa gemu wa Marekani walipogusa kitu ambacho mabaraza yetu yalikuwa yamekimaliza zamani.

Nenda palipo na bao, iwe Unguja, Ujiji au chini ya mti wowote wa mwambao. Wachezaji wawili hawasemi sana. Wenye maneno ni waliozunguka. Mmoja anamhurumia anayeshindwa kwa sauti inayozidi kumuumiza. Mwingine anamwonyesha mtaji, yaani nafasi ya kula kete, ambao haupo. Wa tatu anakumbusha kwamba huyuhuyu juzi alifungwa na kijana asiye na ndevu. Mchezaji hodari anajifunza kucheza kwa utulivu huku masikio yake yamejaa kejeli, na asiyeweza kustahimili kejeli hafai kwa bao hata kama hesabu zake ni safi. Igisoro nao una mashabiki wake wa namna hiyo. Watazamaji ni sehemu ya kazi.

Sasa turudi Marekani. Mwaka 1982 Magnavox walitoa kifaa cha ziada kilichoitwa The Voice. Kilipachikwa mahali pa kuwekea kartriji, kisha kartriji ikawekwa juu yake, na kwa chipu ya kutengeneza sauti ya General Instrument mashine ikaanza kusema. Katika gemu za masomo kilitamka maneno na tahajia. Katika Smithereens! kilifanya kazi nyingine: kilichochea na kukejeli, kikamsukuma aliyekosa shabaha arushe tena. Sauti ilikuwa ya bati, yenye kukwaruza, na mara nyingine ilikubidi ukisie imesema nini. Hata hivyo naona walielewa jambo. Walikuwa na wachezaji wawili na ngome mbili, wakagundua kwamba bado kuna mtu hayupo, yule mropokaji wa pembeni, wakajaribu kumtengeneza kiwandani na kumuuza dukani. Hapa kwetu mropokaji hajawahi kununuliwa. Tatizo letu limekuwa kumnyamazisha.

Mwaka huo wa 1982, Odyssey² isingefaa kitu Cyangugu hata kama mtu angeileta kwa boti. Mashine hizi zilitegemea seti ya televisheni, na seti zilikuwa adimu kwa kuwa Rwanda haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1992. Zanzibar ilikuwa nacho tangu 1973, Kenya tangu 1962. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Seti chache zilizokuwapo mipakani zilikuwa za wenye uwezo, wala si kitu cha kumkabidhi mtoto akichomeke waya za gemu. Kinachochekesha ni kwamba umeme wenyewe ulikuwa karibu. Mto Rusizi unatoka ziwani kwa kasi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 maji yake yanazungusha mitambo ya Mururu. Bwawa la pili, la Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja, likafuata mwaka 1989. Nguvu ya kuwasha gemu ilipita mlangoni ikiimba, na nyumba nyingi hazikuwa na pa kuichomeka.

Mchezo wa shabaha lakini ulikuwapo, tena mwingi. Kusini mwa wilaya, uwanda wa Bugarama unashuka hadi karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari, mahali pa chini kabisa nchini Rwanda, penye joto na mpunga. Palipo na mpunga pana ndege, na palipo na ndege pana watoto wa kuamia. Mtoto mwenye manati hafundishwi hesabu ya njia ya jiwe. Anajua kwamba ukilenga ndege mwenyewe jiwe litaanguka kabla ya kumfikia, kwamba lazima ulenge juu yake kidogo, na kwamba ukizidisha unapoteza jiwe na ndege pia. Mwalimu wa fizikia akija baadaye kumwambia kuwa kitu kilichorushwa kwa nyuzi 45 hufika mbali kuliko pembe nyingine yoyote, ukiacha ukinzani wa hewa, anampa jina la kitu ambacho mkono wake umekwisha kukizoea.

Na hesabu hiyo ndiyo iliyozaa kompyuta, au angalau mojawapo ya zile za mwanzo. ENIAC, mtambo mkubwa uliozinduliwa Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ulilipiwa na jeshi la Marekani ili ukokotoe majedwali ya kupigia mizinga: pembe hii, upepo huu, kombora litaanguka wapi. Kwa hiyo mtu anapocheza gemu ya kurusha mawe, anaichezesha kompyuta somo lake la darasa la kwanza. Ndiyo maana gemu za aina hii hazikufa pamoja na Odyssey², iliyozikwa katika anguko la soko la gemu la Marekani lililoanza mwaka 1983.

Zilirudi kwa sura nyingine, na mojawapo ilifika kwetu bila kuagizwa. Mwaka 1991 Microsoft walitoa MS-DOS 5, na ndani yake, pamoja na lugha ya QBasic, wakaweka gemu ya mfano iitwayo Gorillas. Gorila wawili wamesimama juu ya maghorofa, wanarushiana ndizi zinazolipuka. Unaandika pembe, unaandika kasi, unaangalia upepo, unabonyeza kitufe. Kompyuta nyingi za mtumba zilizoingia Afrika Mashariki miaka ya 1990 zilikuja nayo, na vijana wengi waliokaa kwenye vyumba vya kompyuta vya shule wakisubiri mwalimu atoke walijifunza humo zaidi ya alichokusudia mwalimu. Aliyeandika gemu ile sidhani kama aliwahi kuwaza kwamba kuna mji mmoja, Bukavu, ambako kutoka kwenye ghorofa unaweza kusafiri safari fupi kuelekea magharibi ukawakuta gorila wa kweli katika hifadhi ya Kahuzi-Biega. Wanakula majani na magome, na hawajawahi kumrushia mtu ndizi.

Gorillas ilihitaji wawili kama Smithereens!, lakini ilirudisha zamu. Mmoja anaandika tarakimu, mwingine anasubiri. Kitu kilipotea hapo, nadhani. Kurushiana kwa wakati mmoja kuna hofu yake: huwezi kutazama jiwe lako likiruka kwa starehe, kwa sababu la mwenzako limekwisha kutoka.

Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Desemba 2009 kampuni ya Rovio ya Ufini ilitoa Angry Birds kwa simu, na manati ikawa chombo kinachojulikana sana katika gemu. Ukivuta mpira kwa kidole na kuachia, ndege anaruka kwa mkunjo uleule wa Higinbotham na wa Bugarama, ila safari hii ndege ndiye jiwe. Upande wa pili kuna nguruwe wa kijani, nao hawarushi chochote. Wanakaa ndani ya vibanda vyao wakisubiri kuangukiwa. Simu ina kumbukumbu kubwa mno kuliko zile baiti 192, ingeweza kumpa kila nguruwe akili ya mwanasheria, na mchezaji amebaki peke yake na kioo chake. Mashine ilipokuwa maskini ilibidi ikuitie mwenzako. Ilipotajirika ikaona inakutosha.

Nisieleweke kwamba nalilia zamani. Angry Birds ni gemu nzuri, na kwenye foleni ya benki mwenzako wa kucheza naye utamtoa wapi? Tena upweke haukushinda kila mahali. Katika vyumba vya gemu vya ukanda huu, kuanzia Kamembe na Bukavu hadi Goma na Bujumbura, kinachotawala ni mpira wa miguu, ile FIFA ambayo tangu 2023 inauzwa kwa jina la EA Sports FC. Mashine hizo zina wachezaji wa kompyuta hodari wa kutosha kumfunga mtu mabao saba. Vijana hawawataki. Wanalipa kwa mechi, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake na kwenda kusimama nyuma ya benchi, ambako mara moja anageuka mtaalamu wa makosa ya wengine. Lugha hapo hubadilika katikati ya sentensi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa kidogo, kwa kuwa kejeli hutafuta lugha itakayomchoma mtu haraka zaidi. The Voice ingechoka siku ya kwanza.

Kwa anayetaka kuonja Smithereens! yenyewe leo, hahitaji kwenda mnadani Marekani. Zipo programu za kompyuta zinazoigiza Odyssey², O2EM ikiwa mojawapo ya zinazojulikana, na mashine kongwe kiasi hicho haisumbui hata laputopu ya mtumba iliyokata tamaa. Kartriji nyingi za wakati ule zilibeba kilobaiti chache tu. Picha moja ya simu ina uzito wa kartriji mamia. Ugumu uko kwenye jostiki. Ukikosa mbili, unagawa kibodi: mmoja anachukua vitufe vya kushoto, mwingine vya mishale upande wa kulia, mnakaa bega kwa bega mbele ya kioo kimoja. Kubalianeni kabla ya kuanza kama kumgusa mwenzako kiwiko ni halali, kwa sababu kwenye gemu inayopimwa kwa muda wa kushikilia kitufe, kiwiko kimoja kwa wakati wake kinatosha kulizamisha jiwe majini.